Kwa Anko wa muvi za Kichina, Kariakoo: sauti utaipata, picha utaigombania

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza. Muvi moja ya ngumi, Anko akikurushia kwenye flashi, shilingi 500. Flashi ya GB 32 akikujazia yote ni elfu nane, na hapo hahesabu tena, anarusha mpaka flashi ikatae. Iliyotafsiriwa, yaani yenye DJ anayeongea Kiswahili juu yake, na isiyotafsiriwa bei ni moja. Flashi nenda na yako, za pale dukani sizishauri.

Duka halina kibao. Ukishuka mwendokasi pale Msimbazi unaelekea upande wa mtaa wa Aggrey, unauliza kwa Anko wa muvi za Kichina, hata wauza soksi watakuelekeza. Ni chumba cha upana wa mlango mmoja na nusu, ndani ya uchochoro, katikati ya fundi simu na muuza mapazia. Kuna kompyuta mbili, feni inayomwangalia Anko peke yake, benchi la wateja wawili, na ukuta mzima wa makava ya DVD za zamani. Makava hayo hayauzwi. Nilimwomba moja lenye picha ya Cheng Pei-pei na upanga nikabandike saluni, akanijibu, "Binti yangu, hayo ni mapambo ya nyumba," akarudi kwenye kompyuta yake.

Mimi nina saluni ya kusuka Manzese, kwa hiyo nasema kama mtu wa biashara. Rasta ndogo zinachukua saa tano, zikiwa za kufika kiunoni hata sita, na mteja hawezi kukaa muda wote huo anatazama ukuta. Tumepitia tamthilia za Kifilipino, za Kituruki, za Kikorea. Ubaya wa tamthilia ni kwamba mteja wa leo jana hakuwepo. Anauliza huyu nani, kwa nini analia, msusi anaanza kumsimulia, na msusi akishaanza kusimulia mikono inalala. Picha la ngumi linaisha kwa saa moja na nusu, mawili kasoro likizidi sana. Mteja wa rasta anaona matatu, na yote anaona mwisho wake.

Halafu nayapenda, niseme tu ukweli. Nimekulia Ilala katikati ya kaka zangu, na jirani yetu alikuwa na deki na tivii ya chogo. Watoto sakafuni, wakubwa kwenye makochi, mkanda ukikwama anaitwa mwenye vidole vyembamba. Vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, vilipokuja, msichana alikuwa haingii, au akiingia nyumbani wanapata habari kabla picha halijaisha. Kwa hiyo mengi ambayo kaka zangu walisimulia sikuyaona kwa macho yangu mpaka nimefungua saluni na nikawa na tivii yangu ya inchi 43, ambayo hakuna wa kunitoa mbele yake.

Kilichonivuta kwa Anko ni mpangilio. Maduka mengi ya kurusha muvi yanapanga kwa herufi, na majina yenyewe ni vurugu, kwa sababu picha la Hong Kong lilikuwa likitoka na jina moja kwao, jingine Marekani, jingine Uingereza. Unanunua matatu, ukifika nyumbani ni lile lile. Anko kapanga kwa watu. Kuna folda ya SHAOLIN, ya JACKIE KIJANA, ya JACKIE MZEE, ya AKINA DADA. Kuna folda ya BOLO peke yake, maana Bolo Yeung, pamoja na kwamba kila mara anawekwa upande wa adui, mji huu una watu wanaoingia dukani wakiuliza yeye na siyo steringi. Humo utamkuta kuanzia Enter the Dragon ya 1973 mpaka Bloodsport ya 1988, kifua kile kile, tabasamu lile lile la mtu aliyekudai kodi.

Na kuna folda imeandikwa BRUCE LEE FEKI. Hii ndiyo iliyonifanya nimwamini. Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, ana miaka 32. Mapicha makubwa aliyoyamaliza akiwa steringi ni manne tu: The Big Boss ya 1971, Fist of Fury na The Way of the Dragon za 1972, na Enter the Dragon, ambayo ilitoka yeye tayari kaburini. Lile la nguo ya njano, Game of Death, aliliacha katikati, likaja kumaliziwa na watu wa kumwigiza, likatoka 1978. Dunia ilikuwa bado inamtaka, wenye kampuni wakaanza kutengeneza wengine: Bruce Li, Bruce Le, Dragon Lee. Miwani ile ile, kidole kwenye pua vile vile. Sisi Ilala tuliyaona mengi na yote tuliyaita ya Bruce Lee. Anko anayauza, bei ile ile, lakini anakwambia kabla hujalipa. Kariakoo, mtu kukwambia feki ni feki kabla hujalipa, hiyo peke yake inatosha kumpa maksi.

Ukimpa nafasi ataongea, na ukiwa na haraka utajuta kumpa. Yeye ni wa enzi za majumba ya sinema ya Avalon, Empire na Cameo, watu walipokuwa wakipanga foleni mjini kwa ajili ya picha. Mada yake kuu ni Lau Kar-leung, mwongozaji wa Shaw Brothers, kampuni ya sinema ya Hong Kong. Huyo alifundishwa na baba yake, Lau Cham. Lau Cham alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing. Lam Sai-wing alikuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung, tabibu na mpiganaji wa kweli aliyeishi kusini mwa China, yule ambaye Jackie Chan na Jet Li wote wamemwigiza. Anko anaitaja hiyo kama anayetaja silsila ya walimu wa madrasa, kidole kwa kidole, na ukimkatiza anaanza upya. Lakini ukishaisikia unatazama kwa jicho jingine. Wengi wa wale waigizaji walikuwa wanafanya walichofundishwa kweli. Jackie, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa shule moja ya opera ya Kichina, wakipigwa fimbo na mwalimu mmoja tangu utotoni. Ndiyo maana kamera inaweza kukaa mbali na kutulia, unaona mwili mzima kuanzia unyayo. Muvi za siku hizi za ngumi zinakatwa katwa mpaka hujui nani kampiga nani.

Siku ya kwanza nilimwambia nataka za saluni. Hakukimbilia kurusha. Aliuliza, "Wateja wako wanatazama au wanasikiliza?" Sikuwahi kuulizwa hivyo na muuza muvi yeyote. Na jibu ni kwamba wanasikiliza. Mtu akisukwa kisogoni kichwa kimeinama, macho yako kwenye magoti yake. Yale maandishi ya chini hayasomi hata aliyesoma mpaka chuo kikuu. Aliye chini ya draya ndiyo kabisa, hasomi wala hasikii, huyo ni wa kumwonea huruma tu. Kwa hiyo nahitaji za kutafsiriwa, sauti ya Kiswahili juu, anayenyanyua kichwa aone mapigano, aliyeinama asikie habari.

Za kutafsiriwa Anko anazo nyingi, na hapa lazima nikae kidogo. Aliyeishi Dar miaka ya 2000 anamkumbuka Lufufu, mtafsiri wa muvi, na tangu hapo kazi hiyo imepata watu wengi, wengine wazuri, wengine wa kelele tu. Aliyenishika mimi ni DJ mmoja ambaye jina lake kwenye kopi halisikiki vizuri. Mtu mmoja anafanya sauti zote, mzee, adui, binti, mpaka farasi. Mtawa anaachishwa chakula, DJ anasema, "Leo utakula hewa, mwanangu." Adui anaingia na wapambe wake, DJ anawagawia mitaa: huyu wa Buguruni, yule wa Tandika, yule mnene katoka Mbezi na gari la mke wake. Saluni yote inacheka na mimi msusi wangu anapoteza mstari.

Kuna watu wanadharau hizi, wanasema zinaharibu kazi ya mwenyewe. Mimi nawauliza kazi ipi ya mwenyewe. Hong Kong ya miaka hiyo walikuwa wanapiga picha bila kurekodi sauti. Maneno yote yaliingizwa baadaye studio, na mara nyingi anayeongea siyo yule unayemwona. Hata Bruce Lee kwenye mapicha yake ya kule aliongelewa na watu wengine. Ukitaka kumsikia akizungumza kwa sauti yake nenda Enter the Dragon, ambako aliongea Kiingereza. Kwa hiyo mdomo na sauti vilikuwa haviendi pamoja tangu nyumbani kwao. DJ wetu ni mwingine tu kwenye foleni hiyo, na yeye angalau anachekesha.

Shida siyo sauti. Shida ni picha iliyo chini ya hiyo sauti.

Anko alinionyesha mwenyewe, sikumwomba. Akafungua The 36th Chamber of Shaolin ya 1978 mara mbili, kompyuta hii kopi safi, kompyuta ile kopi iliyotafsiriwa. Shaw Brothers walipiga mapicha yao mapana, upana zaidi ya mara mbili ya kimo. Tivii ya chogo ilikuwa karibu mraba. Waliokuwa wanahamishia kwenye mikanda wakakata pembeni, kwa hiyo zaidi ya theluthi ya picha ilibaki nje. Kwenye kopi safi unaona steringi, Gordon Liu, kushoto, adui kulia, uwanja katikati. Kwenye iliyotafsiriwa unaona uwanja. Mkono unaingia, unatoka. Mtu anaanguka na hujui kapigwa na nani. Nilikaa pale benchi nikaelewa kwa nini utotoni nilikuwa naona wanapigana na hewa.

Kopi safi zina historia yake. Mapicha ya Shaw yalifungiwa stoo miaka mingi, mpaka kampuni ya Celestial ilipoyanunua, zaidi ya 700, ikaanza kuyasafisha na kuyatoa upya kuanzia 2002. Rangi zinawaka. Damu ni nyekundu ya rangi ya mlango, ndivyo walivyokuwa wanaitengeneza, msishangae. Lakini hizo safi zinaongea Kichina na maandishi chini, na DJ wetu alifanyia kazi kopi za mikanda. Kwa hiyo kwa Anko unachagua: sauti au picha. Vyote viwili kwa pamoja hakuna.

Kwa upande wa saluni, nawapa matokeo. Hiyo Chumba cha 36 imeshinda zote. Karibu picha lote ni mazoezi. San Te, huyo steringi, anapanda kutoka chumba hiki kwenda kile, anabeba maji mikono imenyooka, visu vimefungwa kwenye mikono ili akiishusha vimchome mbavuni, anavuka maji kwa kukanyaga magogo yanayoelea ndipo afike kwenye chakula, anaanguka, anarudi na njaa. Ukinyanyua kichwa wakati wowote unaelewa: bado anajifunza. Mteja mmoja wa Tandale alisema visu hivyo wangefungwa wale waume wasioshika hata ndoo, na mjadala ukachukua muda mrefu kuliko picha.

Drunken Master ya 1978 ya pili, karibu sawa. Jackie kijana, mtundu, anapelekwa kwa mzee mlevi aliyeigizwa na Yuen Siu-tien, ambaye ni baba yake mzazi Yuen Woo-ping aliyeongoza picha. Anafundishwa mitindo minane ya walevi wanane, na mmoja kati ya hao wanane ni mwanamke. Huo wa mwanamke hajifunzi, anaona aibu. Sasa fika mwisho, adui yuko mbele yake, yule Hwang Jang-lee mwenye mateke ya kutisha, mitindo saba imekwisha, unabaki ule alioukataa. Siharibu zaidi. Saluni ikifika hapo hata wa draya wanatoa vichwa.

Drunken Master II, ile ya 1994, yenye Jackie tena, ipo kwenye folda ya JACKIE MZEE, na akina mama hawaangalii ngumi hata kidogo, wanamwangalia Anita Mui. Anacheza mama wa kambo, mcheza kamari, mwongo, anamtetea mtoto wa mumewe kwa machozi ya uongo. Nimeombwa niirudie mara nyingi na watu ambao hawajui mwisho wa picha unahusu nini.

Kwenye AKINA DADA chukueni Come Drink with Me ya 1966, Cheng Pei-pei anaingia nyumba ya wageni amevaa kiume, wahuni wanamzunguka, yeye kakaa anakunywa. Chukueni na za Angela Mao, yule aliyekuwa dada yake Bruce Lee kwenye Enter the Dragon; pale kapewa dakika chache tu, lakini Hapkido ya 1972 anapiga mpaka mwisho. Haya ningependa binti yangu ayaone badala ya ninayomkuta nayo kwenye simu. Five Deadly Venoms ni zuri sana, ila saluni halifai: watu watano wenye vinyago, hujui nani ni nani, ukiinamisha kichwa dakika mbili umepotea. Hilo la nyumbani, usiku, kwa maandishi.

Malalamiko. Flashi yangu mara moja ilirudi na kirusi, fundi akanichaji. Kijana wake wa kurusha hasomi, anaangalia jina la faili tu. Niliomba la ulevi la 1978 nikapewa la 1994, na kopi zake nyingine zimevutwa pembeni ili zijaze tivii pana, kila mtu kawa mfupi mnene, Bruce Lee anaonekana kama mpishi. Mwombe akufungulie kila moja sekunde chache kabla hujalipa, atanuna, mwache anune. Hakimiliki nayo sitaizunguka, Anko hana barua ya mtu yeyote kutoka Hong Kong. Na kiti hakuna, benchi likijaa unasimama uchochoroni na mizigo ya watu inakupitia kwenye visigino.

Nilimuuliza kijana kwa nini wasichukue sauti ya DJ wakaiweka juu ya picha safi. Hapo akaamka, kumbe kichwa anacho. Akanieleza kwamba sinema inakwenda fremu 24 kwa sekunde, mikanda tuliyokuwa tunatumia huku ya mfumo wa PAL inakwenda 25. Kwa hiyo mkanda unawahi: penye dakika 100, wenyewe unamaliza kwa 96. Ukibandika tu, mwanzoni zinalingana, ukifika katikati DJ anasimulia kipigo ambacho hakijafika. Lazima uivute sauti, halafu utafute vipande ambavyo mkanda ulikatwa. Anafanya, lakini siyo kwa 500. Elfu kumi kwa picha moja, na unasubiri wiki.

Nimelipa, la Drunken Master. Limekuja. Sauti ya DJ imekuwa nzito kidogo kwa sababu imepunguzwa mwendo, yule mzee mlevi sasa ana sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Na sehemu tatu ambazo hazikuwepo kwenye mkanda wanaongea Kichina tupu, kisha DJ anarudi katikati ya sentensi kana kwamba alikwenda chooni. Wateja wangu wameshazizoea, wakifika hapo wanajaza maneno wao, na kila mmoja ana tafsiri yake. Lakini Jackie yupo kulia, Hwang Jang-lee kushoto, na mateke unayaona yanapotoka na yanapotua. Nimeshaagiza Chumba cha 36 kwa njia hiyo hiyo.

Nendeni asubuhi kabla ya saa nne, Kariakoo haijafurika na Anko ana muda. Ijumaa kuanzia saa sita amefunga kwa swala. Jumamosi yupo kijana peke yake, na hiyo siku mimi siendi.